Mbio zisizo na mshindi, mti usio na majani: sherehe za Gubbio ni za nani?

Kila tarehe 15 Mei, saa kumi na mbili jioni, wanaume wa Gubbio, mji wa kale wa mlimani katika mkoa wa Umbria, Italia, hujitwika mabegani nguzo tatu za mbao na kukimbia nazo vichochoroni, kisha huzipandisha Mlima Ingino hadi kwenye basilika ya Mtakatifu Ubaldo. Kila nguzo ina urefu wa zaidi ya mita 4 na uzito wa kilo 280 hivi. Juu yake husimama sanamu ya mtakatifu: Ubaldo wa waashi, Giorgio wa wafanyabiashara na mafundi, Antonio wa wakulima. Wenyewe huziita ceri. Ubaldo hutangulia, Giorgio hufuata, Antonio hufunga msafara, na haijapata kuwa ruhusa mmoja kumpita mwenzake.

Aliyezoea riadha atauliza: sasa mshindi nani? Hakuna. Kinachotazamwa ni kama nguzo iliyumba, kama iligusa ukuta, kama ilianguka, na kama watu wa Ubaldo waliwahi kufunga mlango wa basilika kabla Giorgio hajaingia. Wenyeji watabishana juu ya mambo hayo hadi Mei nyingine, huku mgeni akirudi kwao na picha nzuri bila kujua hasa alishuhudia nini.

Mlima huohuo una sherehe nyingine. Usiku wa 7 Desemba, mteremko wake huwashwa mamia ya taa zilizopangwa kwa umbo la mti wa Krismasi wenye kimo cha zaidi ya mita 650. Ulianza mwaka 1981, ukaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 1991, na mwaka 2011 Papa Benedikto XVI aliuwasha akiwa Vatikani kwa kugusa kishikwambi. Huu hauhitaji mkalimani. Mtu wa Tokyo na mtu wa Toronto wote wanauelewa kwa kuutazama mara moja.

Miji mingi ya vilimani nchini Italia imenaswa katikati ya sherehe za aina hizi mbili. Wapo wanaosema kalenda ya matamasha ndiyo inayoiweka hai, na wapo wanaosema ndiyo inayoigeuza jukwaa la maigizo. Pande zote mbili zina hoja.

Tuanze na wanaotetea kalenda iliyojaa. Vijana wa miji hii huteremkia mabondeni, kwenye viwanda na vyuo, au huenda Roma na Milano. Nyumba za mawe ni ghali kukarabati, gari halifiki mlangoni, na duka la vyakula likifungwa halifunguliwi tena. Mgeni wa Agosti peke yake hawezi kumlipia mwenye mgahawa kodi ya mwaka mzima. Ndiyo maana maonyesho ya tartufo, ule uyoga wa thamani unaochimbwa ardhini, huangukia majira ya vuli, na mti wa taa huangukia Desemba, mwezi ambao zamani watalii waliisahau Umbria. Ukizitoa sherehe hizo, baadhi ya wahudumu wa hoteli wangefanya kazi miezi minne tu. Hili si jambo la kulibeza ukiwa umekaa Roma na mshahara wako.

Upande wa pili nao wana ushahidi. Watazame Civita di Bagnoregio, kijiji kilichokaa juu ya mwamba unaomomonyoka katika mkoa wa Lazio. Tangu 2013 kuingia huko ni kwa tiketi. Mapato yamekuwa ya maana, lakini wakazi wa kudumu wanahesabika kwa vidole. Kijiji bado kina mbio zake za punda mwezi Juni na Septemba, na wageni hujaa, ila ukiuliza sherehe hiyo ni ya nani, jibu linakuwa gumu. Wakosoaji wanahofia kwamba huko ndiko barabara inakoelekea: nyumba zote za kupangisha kwa siku, maduka yote ya sumaku za friji, na wenyeji wanaokuja asubuhi kuvaa mavazi ya karne ya 14 na kuondoka jioni.

Hapo ndipo wakosoaji huanza kuteleza. Wengi hupima kwa umri: iliyo ya kale ndiyo ya kweli, ya jana ni ya biashara. Kipimo hicho hakifai Italia. Mashindano ya wapanda farasi ya Arezzo, Giostra del Saracino, yana mizizi ya kale, lakini sura yake ya leo ilifufuliwa mwaka 1931, enzi za Mussolini, serikali ya kifashisti ilipokuwa ikipenda sana kuuvisha umma mavazi ya Zama za Kati. Kule Montepulciano, Toscana, kila Jumapili ya mwisho ya Agosti mitaa minane hushindana kusukuma mapipa ya kilo 80 hivi kupandisha mlima kwa zaidi ya kilomita moja. Mbio hizo zilianza mwaka 1974 zikichukua nafasi ya mbio za farasi za zamani. Hata hivyo vijana wa mtaani hufanya mazoezi kwa ajili yake, hugombana kwa ajili yake, na hula pamoja mezani kabla na baada yake. Sherehe changa kuliko babu zao imekuwa yao.

Idadi ya wageni nayo haisemi mengi. Mji wa Siena, huko Toscana, hupokea umati mkubwa kwa Palio, mbio za farasi kati ya mitaa yake, tarehe 2 Julai na 16 Agosti, na nafasi za madirishani na kwenye majukwaa huuzwa kwa bei inayotisha. Katikati ya uwanja kuingia ni bure. Mtaa hubaki mtaa kwa sababu mtoto hubatizwa ndani yake, na kati ya mitaa 17 ni 10 tu inayokimbia kila mara. Mgeni hapewi farasi. Lawama nzito dhidi ya Palio ni nyingine kabisa, na kwangu ina uzito: farasi huumia na hata kufa kwenye kona zile kali, na kusema “ni mila” hakumjibu anayeuliza juu ya mnyama.

Mimi napima hivi: siku wageni wasipokuja, wenyeji wataifanya? Gubbio imeshalijibu swali hilo. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wake waliokuwa vitani kwenye milima ya Dolomiti, pale Col di Lana, walijitengenezea ceri zao na kukimbia nazo. Waliohamia Jessup, Pennsylvania, nchini Marekani, waliibeba sherehe hiyo, na mji ule bado unakimbia. Hakukuwa na mtalii wa kumfurahisha.

Kwa kipimo hichohicho, mti wa taa ambao wajuzi huudharau haufeli kama wanavyodhani. Watu wa kujitolea ndio wanaopanda mteremko ule kila mwaka kutandika nyaya na kukagua taa. Wanaofeli ni wale walio katikati: soko la Krismasi la vibanda vya kukodi, treni ndogo ya kuzungusha watoto, tamasha la “Zama za Kati” lililonunuliwa kwa kampuni ya burudani. Vitu hivi ungeweza kuviweka mji wowote, na msimu ukiisha hakuna mwenyeji atakayeviulizia.

Lakini Gubbio isisifiwe mpaka ikafunikwa kasoro zake. Kwa desturi wabebaji ni wanaume, na hoja kwamba wanawake wana nafasi yao katika maandalizi haimtoshelezi kila binti. Sherehe inayojivunia kuwa ya wenyeji wote inadaiwa maelezo hapo. Pia kuna suala la usalama. Baada ya taharuki ya Torino ya 3 Juni 2017, ambapo zaidi ya watu 1,500 waliokuwa wakitazama fainali ya Juventus kwenye skrini ya uwanjani walijeruhiwa, serikali ilikaza masharti ya mikusanyiko: njia za kutokea, vizuizi, idadi ya watu, wahudumu wa huduma ya kwanza. Mtu mwenye akili hapingi hilo. Ila gharama yake haimwangukii kila mtu sawa. Tamasha kubwa lenye wafadhili huilipa. Chama cha wazee wanane wa kijijini wanaopika tambi mara moja kwa mwaka huiangalia fomu na kuifunga sherehe. Kwa hiyo sheria, bila kukusudia, inasaidia zile za kibiashara.

Hofu yangu kubwa kwa Gubbio ni hesabu ya mabega. Wabebaji hupokezana kila baada ya hatua chache, na kila nguzo huhitaji vikosi vingi vya kubadilishana njia nzima. Watoto hawakosekani: Jumapili ya kwanza ya Mei hupandishwa juu ya ceri zinaposhushwa kutoka basilika, na tarehe 2 Juni wana mbio zao na nguzo ndogo. Wengine hukua, huondoka, na kurudi kwa siku mbili kila Mei. Mji wa kurudiwa siku mbili hauwezi kuendesha shule wala zahanati.

Kwa hiyo, badala ya kubishana kama mti wa taa ni wa heshima au ni wa aibu, baraza la mji wowote wa aina hii lingebanwa na swali la fedha: kodi ya kulala wageni inayokusanywa Desemba inakwenda wapi? Ikirudi kununua matangazo ya Desemba ijayo, wakosoaji wana haki. Ikikarabati nyumba ndani ya kuta za kale na kuzipangisha kwa mkataba wa miaka kwa wenye umri wa miaka 25, basi sherehe ya wageni inailipia ile ya wenyeji, na sioni ubaya wake.