Projekta sitoi hata thumni

Mie ni mtu wa Lamu, Langoni, huku Uingereza nina mwaka wa 9, nasaidia watoto kwenye skuli ya mahitaji maalum. Mwaka jana skuli ilichangisha pesa za darasa la hisia, yaani chumba cha giza ambacho projekta zinamwaga picha kuta zote mpaka sakafuni, mtoto akikanyaga maji yanatawanyika, harufu inapulizwa, na pembeni kuna bomba la mapovu linalobadilika rangi. Si jambo jipya, Waholanzi walianza vyumba vya namna hii miaka ya 1970.

Sasa nyie mnaodhani huku serikali inalipa kila kitu, wallahi mungewaona walimu wazima wanauza keki getini kwenye baridi. Kulikuwa na bahati nasibu, hiyo mie nilikaa kando nikatoa pauni zangu 10 mkononi. Ukiwa mlipa kodi ukajaza fomu, kila pauni unayotoa kwa hisani serikali inaongeza peni 25. Na ukutani walichora kipimajoto kikubwa, kila Ijumaa wanapaka nyekundu, kila mtu anaona pesa zimefika wapi. Hiki kipimajoto ndo nakionea wivu kuliko hata chumba chenyewe.

Kwetu hatuna uchoyo, arusi ikitajwa usiku mmoja tu grupu letu la WhatsApp limejaa michango. Lakini nilipoleta habari ya darasa kama hilo kwa watoto wetu wa Lamu wenye mahitaji maalum, kimya siku tatu, watu wanatuma dua tu. Ndo akaibuka kaka mmoja yuko Dubai, ati tununue mitambo kama hiyo ya Uingereza tuitie kwenye kontena.

Hapo ndo sikubaliani. Chumvi ya bahari inakula hata bawaba za mlango, projekta itapona? Stima ikikatika je, taa ikiungua fundi nani? Nishaona mashine ya msaada huko nyumbani imefunikwa kanga, hakuna anayekumbuka iliwashwa lini.

Na giza tunalo! Huku wananunua mapazia mazito kuzuia mwanga, nyumba zetu za kale kuta nene za matumbawe, ukiingia ndani saa sita mchana huoni mkono wako. Zile zidaka, vishubaka vya ukutani, tia vitaa vidogo vya sola, kila kidaka rangi yake. Harufu asmini na udi. Sauti tari. Mwana wa mama mdogo hasemi, akishikwa anapiga kelele, Maulidi tulimweka karibu na wapigaji, mwenyewe akainama akalaza shavu kwenye ngozi ya tari, mpigaji akawa anagusa kwa vidole tu, taratibu, na mwana katulia vile mpaka mama yake akawa analia.

Pesa zinatakiwa kwa mtu wa kukaa na mtoto. Hata huku ile projekta bila mtu ni televisheni kubwa tu, kazi ni mie niliyepiga magoti nusu saa nangoja mtoto mmoja ageuze jicho upande wa mwanga, akigeuza naandika.

Kwa hiyo jana nimeandika kwenye grupu, nitatoa shilingi 5,000 kila mwezi za mshahara wa msaidizi, za projekta hata thumni sitoi. Kaka wa Dubai kasoma. Tiki mbili za bluu, basi.