Kibwebwe kinapewa sifa isiyo yake

Siku ya nne baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, shangazi alikuja na kanga mbili za zamani, zilizofuliwa mpaka zikalainika kama nepi. Akaniambia nisimame, nishike chago la kitanda, nitoe pumzi yote. Kisha akafunga. Alifunga kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, na kila nikimwambia inatosha ananijibu, "Mwanangu, tumbo lisipofungwa halirudi." Usiku ule nililala nimekaa.

Shangazi nampenda, na supu zake za kuku sizisahau. Lakini hili la kibwebwe tumelibishania miaka sasa, maana kilichokuwa kinarudi kilikuwa kinarudi chenyewe, tangu kabla yeye hajapanda daladala kuja kwangu.

Nilijua kwa sababu nesi wa wodi ya wazazi alinionyesha. Saa chache baada ya kujifungua alinibonyeza tumbo, akakunja uso, akaniuliza mara ya mwisho nimekojoa lini. Sikukumbuka. Akanituma chooni. Niliporudi akabonyeza tena, akauchukua mkono wangu na kuuweka karibu na kitovu. "Umeusikia huo mpira?" Niliusikia: kitu kigumu, cha mviringo, kama dafu changa. Ndicho kizazi. Kibofu kikijaa, kinakisukuma juu na pembeni, kikashindwa kubana vizuri. Haja ndogo ilifanya kazi ambayo hakuna kanga ingeifanya. "Kila siku kitashuka kama upana wa kidole," akaniambia. "Ukikikuta laini, niite."

Basi nikawa nakitafuta kila asubuhi kabla mtoto hajaamka. Kilishuka kweli, kidole baada ya kidole, na kufika siku ya kumi na moja sikukipata tena. Kilikuwa kimeshazama nyuma ya mfupa wa kinena.

Hebu fikiria hesabu yake. Mfuko wa uzazi wa mwanamke asiye na mimba una gramu 60 hadi 70 hivi, si mkubwa kuliko ngumi. Siku ya kujifungua una takriban kilo 1, bila kumhesabu mtoto. Wiki ya kwanza ikiisha unabaki kama nusu kilo, wiki ya pili gramu 300 hivi, na kwenye wiki ya sita umekaribia ulikotoka. Nasema umekaribia, kwa kuwa kwa mwanamke aliyezaa unabaki mkubwa kidogo kuliko wa asiyezaa.

Na hauyeyuki ukatoka na damu, kama wengi tunavyodhani. Seli za msuli wake zinabaki karibu zote. Zinachofanya ni kujipunguza, kila moja inavunja sehemu ya protini ilizojijazia wakati wa mimba, na mwili unazichukua. Ni kama mguu uliotolewa kwenye hogo: misuli ipo, imekonda tu. Damu inayotoka kwa wiki nne hadi sita inatokana na kidonda kilichoachwa na kondo la nyuma, kipana kama kiganja. Kinachokizuia kisimwage damu yote ya mama ni msuli wenyewe kubana mishipa iliyopita katikati yake. Ndiyo maana mtoto akitoka tu unachomwa sindano ya oksitosini pajani. Homoni hiyohiyo mwili unaitoa kila mtoto akinyonya, na hapo ndipo linapokuja lile chango ambalo kwa mtoto wa kwanza hukulijua na kwa wa pili linakufanya ung'ate shuka. Nililia. Shangazi akasema nimefungwa vibaya.

Tumbo la nje ni habari nyingine kabisa: ngozi iliyovutika, mafuta, misuli ya mbele iliyoachana katikati. Hilo linachukua miezi, na kwa wengine halifanani tena na la zamani. Sisemi kanga itupwe. Ikifungwa kwa wastani inaupa mgongo nguvu, na aliyepasuliwa anakohoa kwa amani kidogo. Wala siibezi arobaini. Wazee waliopanga siku 40 na hospitali inayosema wiki 6 wamepishana siku mbili tu. Kalenda waliipata. Ila sifa wakaipa kanga, na kazi ilifanywa na kizazi chenyewe, kikisaidiwa na mtoto anayenyonya.

Kinachoniudhi ni maswali yetu. Tunaingia na sabuni na pampasi, tunamtazama mzazi kiunoni, "mbona tumbo bado?", na hakuna anayemuuliza leo amebadilisha pedi ngapi.

Mwaka juzi nilikwenda kumpa hongera binti mmoja mtaani kwetu, siku ya nane. Alikuwa amefungwa barabara, kanga tatu, uji wa pilipili manga mezani, mama yake anatabasamu. Nikauliza la pedi kwa sauti ya chini. Akanitazama, akamtazama mama yake. Tangu alfajiri alikuwa ameloanisha tano, na saa nne ilikuwa haijagonga. Mama mtu akasema ni uchafu, uache utoke.

Tulizifungua zile kanga ndani ya bajaji, njiani. Nikabonyeza kama nilivyofundishwa: mpira ulikuwa bado juu, vidole viwili chini ya kitovu, laini kama maandazi yaliyolala. Hospitali walikuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani. Walimsafisha, wakamwongezea damu, na siku ya tatu akatoka. Kanga ya tatu hatukuiona tena. Nadhani tuliisahau kwenye bajaji.