Vyama vya Marekani vilianzia kwenye deni

Ukiuliza vyama vya siasa vya Marekani vilitoka wapi, wengi watakutajia ugomvi wa Alexander Hamilton na Thomas Jefferson, au mapinduzi ya Ufaransa. Yote mawili yalichochea moto, lakini nashikilia kuwa moto wenyewe uliwashwa na deni la vita vya uhuru: nani alipwe, na nani alipe.

Januari 1790 Hamilton, Waziri wa Fedha, alipeleka mpango wake bungeni. Serikali kuu ilidaiwa takriban dola milioni 54, na majimbo nayo yalikuwa na madeni yapatayo milioni 25. Alitaka yote yabebwe na serikali kuu, hati za deni za zamani zibadilishwe kwa mpya zenye riba.

Utata ulikuwa kwenye hati zenyewe. Wanajeshi wengi walikuwa wamelipwa kwa karatasi badala ya fedha. Shida zilipowabana, waliziuza kwa walanguzi kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake, pengine senti 15 au 20 kwa dola. Sasa Hamilton alisema aliye na hati mkononi alipwe thamani yote. James Madison wa Virginia akapendekeza mnunuzi apewe bei ya juu iliyofikiwa sokoni, na salio liende kwa mwenye hati wa mwanzo. Alishindwa kwa kura 36 dhidi ya 13. Kiuchumi, Hamilton alikuwa sahihi: hati ambayo mnunuzi hana uhakika nayo haina soko. Lakini mwanajeshi aliyeuza karatasi yake kwa njaa, kisha akatozwa kodi ili mlanguzi alipwe, hakuhitaji kufundishwa na Jefferson kuona dhuluma.

Madeni ya majimbo yalizua mvutano mkali zaidi. Virginia ilikuwa imeshalipa sehemu kubwa ya deni lake, na haikutaka kulipia wengine. Massachusetts na South Carolina zilikuwa zimeelemewa, zikaunga mkono. Hapo ndipo maelezo mepesi ya kaskazini dhidi ya kusini yanapopwaya, maana South Carolina ni ya kusini kabisa. Aprili mpango ulikataliwa. Ulipita kiangazi hicho, baada ya maafikiano kwamba makao makuu ya serikali yahamie kando ya mto Potomac, mpakani mwa Virginia. Mwaka 1791 ikaja Benki ya Taifa, mtaji dola milioni 10, ikapita kwa kura 39 dhidi ya 20, na ugomvi wa fedha ukageuka ugomvi wa katiba: je, iliruhusu serikali kuu kuanzisha benki?

Hata hivyo, wabunge wanaopiga kura pamoja bado si chama. Kilichowafikisha kwa wananchi ni magazeti, na hili naona halipewi uzito linaostahili. John Fenno, mhariri wa gazeti lililomtetea Hamilton, alipata kazi za uchapaji za Hazina. Jefferson naye, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alimpa mwandishi Philip Freneau kazi ya kutafsiri kwa dola 250 kwa mwaka, na Oktoba 1791 Freneau akaanzisha gazeti la upinzani mjini Philadelphia. Sheria ya posta ya 1792 iliweka nauli ya gazeti kuwa senti 1 kwa safari isiyozidi maili 100, na wahariri wakaruhusiwa kutumiana magazeti bure. Makala ya Philadelphia ikawa inachapwa upya mji hadi mji.

Mkataba na Uingereza, uliojadiliwa na mjumbe wa Marekani John Jay, ulikamilisha kazi ya kuzigawa kambi hizo mbili. Seneti iliupitisha 1795 kwa kura 20 dhidi ya 10, theluthi mbili kamili bila hata moja ya ziada. Mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi liliidhinisha fedha zake kwa kura 51 dhidi ya 48, baada ya mikutano ya hadhara na maombi ya wananchi kutoka pande zote.

Katiba haikuwa tayari kwa hali hiyo ya vyama. Rais alichaguliwa na wajumbe wa majimbo: wa kwanza kwa kura alikuwa rais, wa pili makamu. Kila mjumbe wa uchaguzi aliandika majina mawili bila kusema yupi ni wa urais. Mwaka 1796 John Adams wa Wafederali, kambi ya Hamilton, alipata kura 71 na Jefferson 68, hivyo rais na makamu wakatoka kambi hasimu. Mwaka 1800 Wafederali walikumbuka kumnyima mgombea wao wa umakamu, Pinckney, kura moja ili asilingane na Adams: Adams 65, Pinckney 64, na moja kwa Jay. Warepublican, kambi ya Jefferson, hawakuacha hata moja, wakamfunganisha na mgombea wao wa umakamu, Aaron Burr, 73 kwa 73, na Baraza likapiga kura mara 36 kabla ya kumpata rais. Marekebisho ya 12, yaliyoridhiwa 1804, yalitenganisha kura ya rais na ya makamu.