Anafukuzwa Lakini Hafukuziki

Kampuni moja ya ulinzi imeninyima lindo, eti mimi mfupi. Jamaa kanisimamisha ukutani, kavuta futi kamba, kaandika sentimita 176, katikisa kichwa. Nikamwambia, bosi, Fabio Cannavaro urefu wake ndio huu huu na alikuwa beki wa kati! Akaniuliza, huyo analinda benki gani?

Jamani! Nahodha wa Italia Kombe la Dunia 2006, mashindano mazima wamefungwa mabao mawili: moja wamejifunga wenyewe, lingine penalti ya Zidane. Nusu fainali pale Dortmund, dakika za nyongeza zinayoyoma, Italia 1, Ujerumani 0. Mpira unaletwa juu, Cannavaro anaruka, anauondoa kwa kichwa. Mimi hapo ningeshika kiuno nivute pumzi. Yeye anaukimbilia mpira ule ule, anampokonya Podolski, Italia hao wanaondoka, Del Piero anamaliza kazi. Mwaka huo huo akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, na hakuna beki aliyeichukua tena. Sisi wenyewe Nadir Haroub wa Yanga tukambatiza Cannavaro, hakuna aliyeuliza urefu.

Haya, kucheza tumpe. Kinachoniuma ni ukocha.

Mimi nimefukuzwa kazi mara moja tu, kwa kusinzia, na hata kusinzia kwenyewe nilifumba macho kukwepa vumbi. Basi kila ninakopeleka barua: "Kule uliachaje kazi?" Mwenzangu Cannavaro, Guangzhou ya China walimpa timu mwishoni mwa 2014, Juni 2015 wakamtoa, wakamleta kocha mwingine, Scolari. Akapokelewa Riyadh na Al-Nassr. Miezi minne haikutimia, kwaheri. Akarudi China kuipandisha daraja Tianjin, na wale wale Guangzhou waliomtimua wakamwita tena! Bosi wangu wa zamani akiniona barabarani anapandisha kioo cha gari.

Nisimwonee, 2019 aliwapa Guangzhou ubingwa wa China. Ila mwaka huo huo timu ya taifa ya China akaiongoza mechi mbili, vichapo viwili, bao hata la kubahatisha hakuna. Akarudi kwao Italia, Benevento wakamfukuza. Udinese, hapo hapo Italia, akawanusuru kushuka daraja siku ya mwisho kabisa, na bado hawakuendelea naye. Hapo hata mimi roho iliniuma. Dinamo Zagreb ya Croatia, miezi mitatu na ushee, nje.

Mtu na wasifu huo, ungedhani sasa anauza maji stendi. Thubutu! Oktoba 2025 Uzbekistan wakamkabidhi timu yao ya taifa, tena imeshafuzu Kombe la Dunia la 2026 bila yeye. Ugali umeiva, mboga ipo mezani, yeye kazi yake kunawa mikono.

Jana nikamweleza mama watoto kwamba kufukuzwa nako ni uzoefu, mbona Cannavaro. Akanisikiliza vizuri tu, mpaka mwisho, halafu akauliza huyo Cannavaro anadaiwa kodi ya miezi mingapi.