Mtoto Anapoweza Kubana Tiki, Afundishwe au Aachwe?

Mtoto anayepepesa macho mfululizo, anayepandisha bega au anayekohoakohoa bila mafua huponzwa na jambo moja: anaweza kujizuia. Mbele ya daktari anatulia tuli. Akifika nyumbani, bega linaanza. Mtu mzima akiona hivyo anahitimisha kuwa ni makusudi. Si makusudi. Tiki ni miondoko au sauti za ghafla zinazojirudia bila kupangwa, lakini wengi walio nazo, hata wenye ugonjwa wa Tourette (tiki za mwili na za sauti zinazodumu zaidi ya mwaka), wanaweza kuzibana kwa muda. Ndivyo hali yenyewe ilivyo.

Kinachobishaniwa ni kama uwezo huo ukuzwe kwa mafunzo.

Wanaosema ukuzwe hawasemi hewani. Wanasaikolojia Azrin na Nunn walieleza njia yao ya kugeuza mazoea tangu 1973, na msingi wake bado unatumika. Mtoto hujifunza kwanza kutambua msukumo unaotangulia tiki, ule muwasho au mkazo unaojijenga kama chafya. Kisha hupewa kitendo cha kuipinga. Anayerusha shingo hushusha kidevu kidogo na kukaza misuli ya shingo taratibu, kwa dakika nzima au hadi msukumo upite. Mwenye sauti ya kooni hufumba mdomo na kuvuta pumzi polepole kwa pua. Hapo hajikazi tu kwa nguvu za roho. Ana kazi mahususi ya kufanya. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watoto 126 wa miaka 9 hadi 17. Asilimia 52.5 ya waliopata tiba iliyojengwa juu ya njia hii walipata nafuu ya kuonekana, dhidi ya asilimia 18.5 ya waliopewa elimu na ushauri tu. Ni nyingi, ingawa karibu nusu hawakufikia hapo.

Wanaopinga hutanguliza hofu ya zamani: tiki ikibanwa, itarudi kwa kishindo. Majaribio ya kubana kwa muda mfupi hayajaithibitisha hofu hiyo; mtoto akiacha kujizuia, tiki kwa kawaida hurudi kiwango chake cha awali, hazikipiti. Kwangu mimi, hoja yao nzito ni nyingine, nayo haitajwi sana: kubana kunakula umakini. Katika utafiti uliochapishwa 2008, watoto waliokuwa wakizuia tiki walikosea zaidi kwenye zoezi la umakini. Kwa hiyo yule aliyetulia kipindi kizima cha hesabu, mwalimu akafurahi, huenda hesabu yenyewe hakuisikia.

Tena amri haifai kitu sana. Watoto waliozawadiwa kwa kila kipindi kifupi bila tiki walijizuia vizuri kuliko walipoambiwa tu wajizuie. Wazazi wanaokemea "Acha!" mara ishirini kwa siku (na ni wengi) wanatumia silaha butu kuliko zote. Zawadi nazo zina upande wake: nyumba ikigeuka uwanja wa pointi, siku mbaya inakuwa kosa la mtoto.

Wala hakuna haja ya pupa. Tiki huanza mara nyingi kati ya miaka 4 na 6, hufikia kilele kwenye miaka 10 hadi 12, na kwa wengi hupungua kuelekea utu uzima. Wadogo wengi bado hawausikii ule msukumo, na bila huo mafunzo hayana pa kushika.

Ninaona mafunzo yana haki yake pale shingo inapouma au mtoto mwenyewe anapokereka. Kama anayekereka ni mgeni wa sebuleni, wa kufundishwa ni mgeni. Tiba yenyewe iliyo makini huanza kwa kuorodhesha tiki zote na kumuuliza mtoto ipi inamsumbua zaidi. Anaweza kuutaja mkazo wa tumbo usioonwa na mtu, na kuliruka kabisa bega ambalo mama yake amelikemea mwaka mzima.