Mstaafu wa Mwanza aende wapi: kijijini, mlimani au kando ya lami?

Tangu Desemba 2018, Rais John Magufuli aliposimamisha kikokotoo cha asilimia 25, yaani kanuni iliyompa mstaafu robo ya mafao yake kwa mkupuo na iliyobaki kama pensheni ya mwezi, wastaafu watarajiwa wa nchi hii wamekuwa mahodari wa hesabu za mafao. Julai 2022 kikaja cha asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikakipandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa wengine. Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Mwanza utamkuta mtumishi wa miaka 57 akikokotoa mkupuo wake kwa kichwa, bila karatasi. Sasa muulize hela hiyo ataishushia wapi. Jibu linakuja bila hesabu yoyote: "Narudi nyumbani." Au: "Mimi hapa sitoki." Mjadala umekwisha.

Kwa maoni yangu mahali pana uzito kuliko asilimia. Mkupuo ukiisha, pensheni ya mwezi bado ipo. Nyumba ya vyumba vinne ikishasimama mahali pasipokufaa, hakuna wa kuinunua, na wewe huna tena hela ya kujenga nyingine.

Wanaorudi kijijini wana hoja, na si za kupuuza. Kwa Msukuma wa Magu, Kwimba au Misungwi, nyumbani maana yake ni shamba la baba, mihogo, viazi vitamu, mpunga bondeni na kuku wanaojilisha wenyewe. Mjini hata fungu la mchicha linadai noti. Kuna na heshima. Mwalimu mkuu aliyestaafu akibaki mjini, baada ya mwaka mmoja anakuwa "yule mzee wa geti la bluu". Kijijini ataitwa kwenye kamati ya shule, atawekwa kwenye baraza la kata, na kila barua ngumu italetwa kwake aisome. Ataombwa hela pia, karibu kila siku, maana yeye ndiye pekee mwenye uhakika wa mwisho wa mwezi. Serikali yenyewe inaegemea upande huu: mtumishi wa umma akistaafu hulipiwa safari na mizigo hadi kwao.

Na kijiji cha leo si kile tulichokikimbia. Umeme umefika, wakala wa kutolea pensheni yuko dukani, na njia zimefupika. Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu na ushee kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Kabla ya hapo mgonjwa wa Sengerema alisubiri pantoni kama gunia la mahindi lilivyosubiri, na pantoni ikishalala, naye alilala ng'ambo. Aliyeifuta Sengerema kwenye mipango yake miaka mitano iliyopita anapaswa kuirudia hesabu hiyo upya.

Shida ni kwamba mtu wa miaka 60 hupanga kuhama akiwa na magoti ya miaka 60. Anajiona akilima, akichunga, akipanda bodaboda kwenda mnadani. Hajioni akiwa na 76, sukari imepanda, macho yana mtoto wa jicho na tezi dume inamwamsha kila saa. Zahanati ya kijiji itampima malaria na kumpa dawa ya maumivu. Mambo mengine yote yanaishia Mwanza mjini, kwenye hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au Bugando, hospitali ya rufaa inayobeba mikoa ya Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1970. Figo zikigoma, kusafishwa damu ni mara mbili au tatu kwa wiki, wiki zote. Mstaafu aliyechangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, akiwa kazini anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kadi ya bima hailipi gari la kukodi la kilomita 60 usiku wa manane.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye mazungumzo ya kustaafu hukwepwa kwa adabu. Usukumani wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, mekundu ya moshi wa kuni wa miaka hamsini. Si kila kijiji, na si sababu ya kuviogopa vijiji vyote. Ila mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa ardhi. Mstaafu anayerudi na mabati mapya, akadai eneo la baba ambalo binamu amelilima kwa miaka thelathini, anaingia katikati ya ugomvi huo kwa miguu yake mwenyewe. Kabla ya kusomba tofali, afadhali ajue nani analima pale, na huyo ataambiwa nini ili aondoke.

Hata hivyo, hoja inayonifanya nisite zaidi kuhusu kijiji ni mke.

Katika nyumba nyingi anayeamua ni mume, na anaamua kwao. Wanawake kwa kawaida huishi zaidi ya wanaume, na mke mara nyingi ni mdogo kwa umri. Kwa hiyo nyumba ile ya kustaafia, ukiihesabu vizuri, ni nyumba ya mjane kuliko ilivyo ya mstaafu. Atakaa humo miaka saba au kumi akiwa peke yake, katikati ya ukoo ambao si wake, kwenye ardhi inayoitwa ya ukoo. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 hazimpi mjane fungu katika urithi wa mumewe; anatazamiwa kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, walioambiwa na wakwe waondoke kwenye nyumba walizoishi na waume zao, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi, kisha ikakataa kuifuta. Wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania ilivunja haki zao na irekebishe sheria.

Najua nitajibiwa kuwa wapo wajane wengi wanaotunzwa vizuri na mawifi na watoto wa shemeji. Ni kweli. Nimewaona. Lakini wengi wao ni wanawake walioishi pale tangu ujana, wakalima na kuzika pamoja na hao mawifi. Muuguzi aliyefanya kazi mjini miaka thelathini na tano, aliyekuwa akifika ukweni Krismasi na misibani, ni mgeni. Mume akifa anabaki kuwa mgeni asiye na mwenyeji.

Mwalimu mmoja wa Nyakato, jirani yangu wakati ule, alimleta fundi nyumbani ajadili ramani ya nyumba ya Kwimba. Sebule kubwa, baraza, choo cha shimo nyuma ya nyumba kama ilivyo kawaida. Mkewe alisikiliza yote huku akichambua dagaa kwenye ungo. Kisha akamuuliza fundi swali moja: kutoka kitandani hadi chooni ni hatua ngapi? Fundi akacheka. Mama hakucheka, akarudia. Fundi akahesabu kwenye karatasi, akasema kama arobaini hivi. "Na mvua ikinyesha?" Mzee akaona anaharibiwa mpango. Mimi niliona mama ndiye pekee aliyekuwa akipanga.

Basi tubaki Mwanza? Inategemea Mwanza ipi. Jiji hili limejengwa juu ya mawe, na watumishi wengi wa kipato cha chini walinunua walikoweza: Mabatini, Igogo, Bugarika, juu kabisa. Baadaye urasimishaji wa makazi ukawafikia, wakapata hati za viwanja, na mji ukaonekana wa kutamanika: upepo, ziwa lote chini, taa za Kirumba usiku. Hati haijengi barabara. Ukitaka kuujua mlima, tazama mgonjwa akishushwa. Anakalishwa kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne wanashika miguu ya kiti, wa tano anatangulia kupima mawe yanayoteleza. Kwenye kona nyembamba kiti hakipiti, mgonjwa anahamishiwa mgongoni. Bajaji inangoja chini kwenye lami, mita ya muda inakimbia kwenye kichwa cha dereva. Mtu wa miaka 40 anapanda ngazi zile na ndoo bila kutua. Akifika 75, kupanda tu kunamfanya aache kushuka, na asiyeshuka hapati kliniki, hapati misa wala swala, hapati hata mtu wa kubishana naye.

Mwanza ya tambarare ni habari nyingine: Nyakato, Kiseke, Buswelu, Buhongwa. Hapo mji unashinda. Bugando iko karibu, dirisha la wazee lipo, daladala zinapita. Ninachokipenda zaidi ni vyumba vya uani. Mstaafu mwenye vyumba vitatu vya kupangisha anapata kodi, ndiyo, pamoja na maudhi yake ya wapangaji wanaohama usiku. Lakini anapata pia watu wanaosikia akianguka bafuni. Ndugu wa damu aliye Dodoma hasikii.

Upweke wa mjini upo na sitaudharau. Watoto wamekwenda Dar es Salaam, marafiki wa kazini wametawanyika, msiba wa jirani unahudhuriwa kwa mchango wa simu. Kuhusu kuwafuata watoto Dar, nitasema kwa ufupi: ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka kwa kila mtu unayemjua, ndani ya nyumba ambayo funguo si zako. Kwa matibabu ya muda, sawa. Kwa kuishi, wenye moyo huo ni wachache.

Ufukweni nitapita haraka vilevile, ingawa kila wiki namsikia mtu akiota kiwanja cha kando ya maji Igombe au Kayenze. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na anayekuuzia mara nyingi anapima kuanzia pale anapopataka yeye. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilijaa likaingia kwenye nyumba za watu. Ongeza kichocho, na sehemu nyingine mamba. Uzuri wa machweo hauniongopei tena.

Kinachobaki ni ile miji midogo ya kando ya lami: Kisesa kwenye barabara ya Musoma, Usagara penye njia panda ya Shinyanga na Geita, Misungwi, Magu mjini, na sasa Sengerema mjini yenye hospitali teule ya wilaya iliyozoeleka kwa miaka mingi. Uwanja unatosha bustani na kuku, shamba la ukoo liko safari ya asubuhi na kurudi, Bugando iko safari ya gari moja. Na ardhi ni ya kununua, si ya ukoo, kwa hiyo hati inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Hilo la majina mawili kwangu lina uzito kuliko aina ya bati.

Hasara zake ni za kweli. Tangu daraja lianze kujengwa bei za Usagara si za zamani, na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka ikikamilika hazitashuka. Kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili, wakati mwingine na muuzaji yuleyule. Tena pale wewe si mwenyeji wala si mtu wa mjini. Huna rika, huna wa kukutania, na chama cha kuzikana kitakutazama mwaka mzima kabla ya kukupokea. Anayehamia akiwa na 60 anaanza kutafuta majirani wakati ambao alipaswa kuwa anawafaidi. Ndiyo maana naona Kisesa au Misungwi inamfaa anayeianza akiwa na 50, kwa chumba na choo cha ndani, akisali pale, akizika pale, mkupuo ukija umkute amekwisha kuwa mtu wa pale. Anayesubiri mkupuo ndipo anunue, kijiji cha kwao kinaweza kumfaa zaidi, alimradi mke amekubali akiwa na habari zote.

Na anayetaka kulala kwa baba zake atalala. Usukumani maiti husafirishwa kila wiki kwenda kuzikwa kwao. Kaburi la kijijini halimlazimishi mtu kuishi kijijini miaka ishirini kabla yake.

Mpango wangu huu unamshinda mtu wa kisiwa cha Ukerewe. Kwake hakuna kando ya lami, kuna maji. Ama apande meli kutoka Nansio hadi Mwanza, ama avuke Rugezi hadi Kisorya na kuzunguka kwa Bunda. Kumbukumbu ya kivuko cha MV Nyerere, kilichozama Septemba 20, 2018 kikikaribia kisiwa jirani cha Ukara na kuua watu zaidi ya 200, bado iko mezani kila familia inapojadili nani abaki kisiwani. Kituo cha afya cha Bwisya kule Ukara kiliboreshwa kwa sehemu ya fedha za rambirambi za ajali ile, lakini mgonjwa wa rufaa bado anangoja chombo na hali ya hewa. Kwa Mkerewe au Mkara asiyetaka kuishi Bara, ningemshauri Nansio yenyewe, karibu na gati na hospitali ya wilaya, hata kama shamba la machungwa liko ng'ambo ya kisiwa. Wapo watakaokataa, warudi Ukara kwa sababu ndiko dada zao waliko. Kama dada hao bado wana nguvu, na mke ni wa hukohuko Ukara, siwezi kuwaambia wamekosea.