Nani achague? Vogel, Mekas na sinema ya majaribio

Mwaka 1958 Stan Brakhage, mtengenezaji filamu wa Marekani, alimaliza filamu ya majaribio, yaani isiyofuata njia za kawaida za kusimulia, ya rangi na isiyo na sauti, ya takriban dakika 40, iitwayo Anticipation of the Night. Mhusika wake haonekani ila kivuli, kisa hakishikiki kirahisi, na kamera inaruka kutoka taa hadi nyasi hadi nyuso za watoto kama jicho lililokosa subira. Amos Vogel, aliyeendesha klabu ya filamu ya Cinema 16 jijini New York, aliikataa. Jonas Mekas, mhakiki na mtengenezaji filamu, hakulisahau hilo. Kukataliwa huko kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma yeye na wenzake kuanzisha Film-Makers' Cooperative mwaka 1962, ushirika wenye sharti moja kubwa: hakuna filamu itakayokataliwa.

Tangu hapo mvutano huu husimuliwa kana kwamba Vogel alikuwa bawabu na Mekas mkombozi. Simulizi hilo ni tamu, lakini linaficha mengi.

Tuanze na kilichokuwa kikigombaniwa. Kutengeneza filamu hakukuwa mlima mkubwa sana kwa msanii huru. Mwaka 1923 Kodak ilileta filamu ya milimita 16, nafuu kuliko ile ya viwanda vikubwa. Mwaka huohuo, jijini Paris, msanii Man Ray alinyunyiza chumvi na pilipili na kutawanya pini juu ya ukanda wa filamu, akaumulika bila kamera yoyote. Mwaka 1943 mtengenezaji filamu Maya Deren na mumewe Alexander Hammid walipiga Meshes of the Afternoon nyumbani kwao Los Angeles, wakiigiza wenyewe. Tabu ilianza kazi ilipokamilika. Ulaya ilikuwa na vilabu vya filamu na matajiri wachache wapenda sanaa, ila hata tajiri alikuwa na mipaka yake. Charles de Noailles, mtu wa ukoo wa kikabaila, aligharimia L'Âge d'or, filamu ya mwongozaji Luis Buñuel. Desemba 1930 makundi ya mrengo wa kulia yalivamia ukumbi wa Studio 28 jijini Paris, yakalirushia wino pazia la sinema, na siku chache baadaye filamu ikapigwa marufuku. Pesa iliyotosha kuizaa filamu haikutosha kuilinda.

Deren alijibu kwa kujionyeshea mwenyewe. Mwaka 1946 alikodi ukumbi wa Provincetown Playhouse huko New York na watu wakajaa. Vogel, kijana aliyekimbia Vienna baada ya Wanazi kuingia, alitiwa moyo na mfano huo. Mwaka uliofuata yeye na mkewe Marcia wakaanzisha Cinema 16.

Hapa ndipo ninapomtetea Vogel, tena bila kusita. Wakati ule, jimbo la New York lilitaka filamu ionyeshwayo hadharani ipate leseni ya wakaguzi. Klabu ya wanachama ilikwepa kikwazo hicho. Muhimu zaidi, wanachama walilipa ada ya msimu mzima kabla ya kujua watakachopenda na watakachochukia. Idadi yao ilifika kilele cha takriban 7,000. Jioni moja ingeweza kuwa na filamu ya kisayansi kuhusu wanyama, filamu ya hali halisi, kisha dakika kumi za maumbo yanayocheza bila hadithi. Aliyekuja kwa ajili ya wanyama aliondoka ameona pia maumbo. Mchanganyiko wa namna hiyo hautokei wenyewe. Lazima awepo mtu aliyetazama mamia ya filamu mbovu ili mwingine asilazimike kuzitazama, mtu anayeweka jina lake rehani kila programu inapotoka. Kwa Vogel, kusema hapana kulikuwa sehemu ya ahadi aliyowapa wanachama.

Na Mekas je? Hoja yake haikuwa ya hasira tu. Filamu za namna hii zilikuwa na milango michache sana Marekani, na Cinema 16 ilikuwa pia msambazaji, yaani ilikodisha filamu kwa vilabu na vyuo vingine. Vogel alipokataa, hukumu ya mtu mmoja iliweza kuvuka ukumbi wake na kufika mbali. Klabu yenye maelfu ya wanachama ilikuwa pia na mengi ya kupoteza. Ushirika uliofanya kazi katika nyumba ya Mekas ulikuwa na machache. Machi 1964 Mekas alikamatwa na polisi kwa kuonyesha Flaming Creatures ya Jack Smith, filamu iliyodaiwa kukiuka maadili, na hakutubu.

Kanuni za ushirika zilikuwa rahisi na, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa mawazo bora kabisa katika historia hii. Filamu ilibaki mali ya aliyeitengeneza. Yeye ndiye aliyepanga bei ya kukodisha, na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa yake. Katalogi ilifuata alfabeti, bila kumtanguliza mkubwa. Mwaka 1966 wasanii wa London wakaanzisha ushirika wao, ambao baadaye ulipata mashine zake wenyewe za kusafisha filamu na kuichapa, yaani kuitolea nakala. Hapo mashine ya kuchapa ikageuka chombo cha sanaa, na wapo waliotengeneza kazi ambazo zisingewezekana bila kuigusa kwa mikono yao.

Ila katalogi ya alfabeti ina udhaifu wake. Mhadhiri wa chuo cha mbali mwenye bajeti ya filamu tatu kwa mwaka hawezi kukodi mia moja ili ajue zipi zinafaa. Atakodi aliyemsikia. Na amemsikia wapi? Mara nyingi katika safu ya Mekas kwenye gazeti la Village Voice, au katika jarida lake la Film Culture. Uchaguzi uliofukuzwa mlangoni ulirudi kupitia magazeti, safari hii ukiwa mikononi mwa Mekas mwenyewe.

Kisha ikaja 1970. Mekas na wenzake walifungua Anthology Film Archives, hifadhi ya filamu yenye ukumbi wake, na kamati ya watu watano, wote wanaume, ikakaa kuamua kazi zipi ni za lazima katika sanaa ya filamu. Ilipitisha takriban 330. Ukumbi wao wa kwanza, uliobuniwa na mtengenezaji filamu Peter Kubelka, mmoja wa kamati hiyo, ulikuwa mweusi kote, na kila kiti kilikingwa pembeni ili mtazamaji asimwone jirani. Siwezi kufikiria kinyume kikamilifu zaidi cha ushirika usiomkataa mtu.

Watetezi wao wana hoja: hifadhi haiwezi kuokoa kila ukanda, orodha ilikusudiwa kuendelea kukua, na fedha zilipungua baada ya mfadhili wao Jerome Hill kufariki mwaka 1972. Nakubali yote hayo. Lakini orodha iliyosimama njiani ilisomwa vyuoni kama imekamilika, na wanawake na wasanii wa nje ya Ulaya na Marekani waliokosekana humo walilipa gharama yake.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilichanganya ghala, yaani mahali pa kuweka na kukodisha filamu, na jukwaa, yaani mahali pa kuzionyesha. Ghala linapaswa kuwa wazi kwa kila mtu, kwa masharti ya ushirika: mali ya msanii, bei ya msanii. Hapo Mekas alikuwa sahihi moja kwa moja. Jukwaa linahitaji mtu anayechagua, ajulikane kwa jina, na awepo mwingine mtaa wa pili anayechagua tofauti naye. Kosa la miaka ya 1950 halikuwa kwamba Vogel alichagua. Alikuwa karibu peke yake.

Hoja ngumu dhidi ya msimamo wangu imo kwenye hesabu. Cinema 16 ilifungwa mwaka 1963 kwa kuelemewa na gharama, ilhali ushirika wa Mekas ungali unakodisha filamu hadi leo. Ghala linahitaji rafu na mtu wa kufungasha. Jukwaa linahitaji ukumbi, projekta, matangazo na mshahara wa mtu anayetazama filamu mchana kutwa. Anayetaka vilabu vya aina ya Vogel virudi aeleze kwanza ni nani atakayemlipa mtu huyo, maana ada za watu 7,000 hazikutosha.